Tulivyoiposa Kambi ya Sayansi

Sisi tuliokulia Small Heath, mtaa wa Birmingham, miaka ile ya elfu mbili na kidogo tunajuana. Tulicheza rede katikati ya barabara, magari yakipiga honi na sisi hatusogei. Tukitoka madrasa tulipitia chipsi zilizolowa siki, tukala kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, kisha tukifika nyumbani tukikuta wali wa nazi tunaapa hatujatia kitu mdomoni. Mama akikuita aliita kwa sauti yake, ukamsikia mtaa wa tatu. Watoto wa leo wanaitwa kwa ujumbe wa simu kutoka chumba cha pili, na bado hawaji.

Mimi nilipenda kemia. Nilipenda harufu ya gesi kule maabara, na ile chumvi ya shaba inayogeuza moto kuwa kijani. Nilipofika miaka kumi na sita nikasikia habari za kambi ya sayansi ya kiangazi, wiki mbili ndani ya maabara za chuo kikuu. Watoto wa nchi nzima waliigombania, na kila shule ilipendekeza wawili tu. Darasani hakuna aliyenipita kemia. Mwalimu wetu wa sayansi akapendekeza wavulana wawili, na mimi akaniambia kwa upole nitafute kinachonifaa zaidi, ususi kwa mfano. Ususi ni kazi ya heshima, lakini mimi hata msuko mwepesi wa twende kilioni sijui kuusuka. Mwalimu yule mpaka leo sijamsamehe, na sina haraka.

Nililia. Baba, aliyekuwa dereva wa basi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani kakuombea?"

"Hakuna."

"Basi hujaomba bado."

Kwetu jambo zito huombwa na wazee, kama posa. Kesho yake Baba akavaa kanzu na koti, akamchukua Mzee Haji, mshenga wa nusu ya ndoa za Wazanzibari wa Birmingham, na Bi Zuwena, jirani yetu asiyejua kunyamaza. Wakaja shuleni na sahani ya biskuti za vileja iliyofunikwa kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu mkuu akatukaribisha ofisini, mimi nikawa mkalimani. Mzee Haji akaanza kwa kumuuliza afya yake, ya mkewe na ya wazazi wake, akapitia na habari za mvua. Mwalimu mkuu anatazama saa. Mwishowe akasema, "Tumesikia mna jambo la kheri. Tumekuja kumuombea mtoto wetu."

"I'm sorry, it's a no." Ndivyo alivyojibu mwalimu mkuu: hapana, majina yalishatimia.

Nikatafsiri. Mzee Haji hakushtuka. Jibu la posa halitolewi siku ile ile, na anayekataa upesi huhesabiwa hajafikiri. "Mwambie asijisumbue kutujibu leo. Akashauriane na wenzake. Tutarudi Alhamisi."

Alhamisi tukarudi, na kaimati. Tukakataliwa tena. "Mwambie hatuna haraka," akasema Mzee Haji. Jumatatu tukarudi, na Bi Zuwena akaingia na Kiingereza chake mwenyewe: "She is number one chemistry. Why not she? You tell me."

Mwalimu mkuu akatoa matokeo yetu, akayasoma, uso ukamwiva. Akapiga simu chuo kikuu mbele yetu. Wakakubali jina la tatu, mradi nifanye mtihani wao kama wengine. Mtihani niliufanya peke yangu, nikapita. Leo mimi ni mkemia, na anayesema wazee wale walinitia aibu, na aseme.

Vijana wa siku hizi wana kila kitu. Wana mtandao, wana watu wa kuwapigia msasa maombi yao, wana video za kuwafundisha namna ya kukaa kitini siku ya usaili. Lakini wanaomba peke yao, wakikataliwa wanafunga mlango na kulia peke yao. Inaniuma. Juzi binti yangu alinyimwa kambi kama ile kwa barua pepe ya mistari mitatu. Nikampeleka kwa babu yake.

"It's fine, Babu. It's just an email," akasema, macho mekundu.

Baba, ambaye sasa anatembelea mkongojo, akauliza, "Aliyeiandika ofisi yake iko wapi?"

Mzee Haji na Bi Zuwena wametangulia mbele ya haki. Baba akainuka taratibu kutafuta koti lake, akanigeukia mimi.

"Tumepungukiwa na watu. Safari hii utasema wewe."