Foronya ya Bosi

Mwezi mzima ulipita Mzee Simu hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Hakuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa mizima na kifua hakikumsumbua. Alichokosa ni Bosi, mbwa wake wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akimtangulia hatua moja kila asubuhi, mkanda umekaza kidogo tu, akimpeleka hadi kwenye benchi la fundi viatu na kumrudisha kabla jua halijawa kali. Mzee alikuwa kipofu tangu utotoni. Alifanya kazi kwenye mitambo ya simu ya hospitali mpaka akastaafu, na alikuwa akiwajua madaktari wote kwa namna walivyokohoa kabla ya kusema haloo. Ndiyo maana jina la Simu likamganda.

Mkewe aliitwa Bi Sweta, kwani nusu ya wanafunzi wa mtaa ule walikwenda shule wamevaa kazi ya mikono yake: sweta za kijani, shingo ya V, michirizi miwili myeupe kwenye mikono. Ukimkuta hana sindano za kufumia, basi ujue anafua. Na kufua ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Siku Bosi alipozikwa nyuma ya jiko, mzee alilia kama mtoto. Bi Sweta hakulia, alifua. Alisugua sakafu ya vyumba vyote vitatu, akatupa mkeka aliokuwa akilalia mbwa, akafua mapazia, akachemsha hata mkanda wa kumwongozea hadi ngozi ikakakamaa kama ubao. Jua linazama, nyumba nzima inanukia sabuni, na mzee amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

Tangu siku hiyo akawa hapo hapo. Chai inapoa mbele yake. Ukimsemesha anaitikia "mm" kama simu iliyokatika upande mmoja. Kila siku suruali inazidi kumpwaya, na Bi Sweta aliiona akaogopa. Ndipo fundi viatu akaleta habari kwamba mbwa wake amezaa, na kuna mmoja, jike, mwenye sikio moja limesimama na jingine limelala. Jumamosi atakuwa ametimiza wiki nane.

"Mlete," Bi Sweta akasema, bila kumuuliza mumewe. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo.

Jumatatu alichukua kitabu cha kulea mbwa, alichoazimwa na mwalimu wa maktaba pale shuleni alipopeleka sweta, akaanza kumsomea mzee baada ya chakula cha mchana. Miaka yote walikuwa hivyo: yeye anasoma, mzee anabishana na mwandishi. Safari hii mwandishi alisema yote aliyotaka na hakuna aliyempinga.

"Hapa wanasema ufiche nyaya zote, maana atazitafuna," Bi Sweta akasema. "Na viatu. Na mimi nitapandisha vikapu vyangu vya nyuzi juu ya kabati. Unasikia, mzee wangu?"

"Nasikia."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi sioni, mama. Tangu lini nikaona?"

Zamani utani huo ungewachekesha wote wawili. Sasa ulitua sakafuni, hakuna aliyeuokota.

Jumanne alisoma ukurasa uliomfanya asimame katikati ya sentensi. Mtoto wa mbwa akifika nyumba ngeni, kitabu kilisema, hulia kwa sababu hakuna harufu anayoijua. Mpe kitambaa chenye harufu ya mbwa mwenzake, atatulia. Bi Sweta akainua macho. Mgongoni mwa mzee, kati yake na kiti, palikuwa na foronya kuukuu ya maua ya bluu, imevimba kama tumbo la shibe.

Foronya ile ilikuwa na historia yake. Kila Jumamosi, miaka kumi na minne, mzee alikuwa akimchana Bosi barazani kwa kitana cha chuma, na manyoya yaliyotoka akiyatia humo. "Siku moja utanifumia sweta," alikuwa akisema. Bi Sweta naye: "Mimi sifumi uchafu!" Hadi mbwa akazeeka, na manyoya yakabaki. Bosi alipokufa, mzee aliivuta foronya kutoka nyuma ya mlango akaiweka mgongoni. Mgongo unaniuma, alisema. Bi Sweta aliamini. Mtu mzima akisema mgongo unamuuma, unataka akuapie?

Kwa hiyo akapata wazo, na lilimpasha moto mwili mzima. Manyoya yatasokotwa uzi, uzi utafumwa blanketi. Mtoto wa mbwa atamlalia Bosi, na mzee akimpakata atamshika Bosi. Watajuana! Mzee aliposinzia, akaivuta foronya polepole, akaweka mto mwingine.

Mzee alipoamka, mkono wake ulikwenda nyuma kabla hajasema neno.

"Foronya yangu iko wapi?"

"Ninayo mimi. Subiri kidogo, nakuandalia kitu."

"Kitu gani?"

"Ukijua kitakuwa na utamu gani? Ni cha Bosi. Subiri hadi Alhamisi."

Kwa mara ya kwanza mwezi mzima, pembe ya mdomo wa mzee ikasogea. "Haya," akasema. "Cha Bosi. Nasubiri." Akanywa chai yote. Bi Sweta aliingia jikoni akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, kwa furaha.

Jumatano aliamka mapema. Sasa, sufu yoyote ikifika mikononi mwa msokotaji, jambo la kwanza ni lile lile, na mikono yake ilikuwa imelifanya miaka thelathini bila kuuliza kichwa: maji ya moto, sabuni, kuzamisha taratibu bila kusugua, maana ukisugua manyoya yanashikana yanakuwa gamba. Maji ya kwanza yakatoka kahawia. Ya pili yakatoka kama chai ya maziwa. Ya tatu yakatoka meupe, naye akayatazama kwa fahari. Akayatandaza manyoya juani juu ya shuka, akakaa kando kuyalinda na upepo, akiimba. Hakika aliimba.

Alhamisi akayachambua pamoja na sufu ya kondoo kidogo, kwa sababu manyoya ya mbwa ni laini mno, yanateleza, hayashikani yenyewe. Akayachana kwa brashi mbili za waya hadi yakawa kama wingu, akakalia kigoda mbele ya gurudumu la kusokotea, mguu kwenye kikanyagio. Ni ajabu kuona kitu kama kile. Wingu linaingia upande huu, vidole viwili vinalibana, na upande ule linatoka uzi. Ulikuwa uzi wa rangi ya mchanga wenye mvi, rangi ya pua ya Bosi miaka yake ya mwisho. Akaviringisha donge la kwanza, kubwa kama chungwa, akampelekea mumewe.

"Kinga mikono."

Mzee akakinga yote miwili, kama mtu anayepokea maji.

"Ni Bosi huyo," Bi Sweta akasema. "Nimemsokota. Nitamfumia mgeni wetu blanketi."

Mzee aliliminya donge. Akalipitisha shavuni. Kisha akalipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, na ile pembe ya mdomo iliyokuwa imesogea ikarudi mahali pake. Akavuta tena. Akaligeuza, akavuta upande wa pili, haraka haraka, kama mtu anayepekua mfuko akitafuta kitu kilichopotea.

"Hii ni sabuni," akasema.

"Nimeyaosha kwanza. Lazima yaoshwe, mzee wangu, huwezi kusoko..."

"Yote?"

Bi Sweta akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Yote, mama?"

"Yote."

Mzee akaliweka donge kwenye paja lake kwa adabu sana, kama kitu cha watu. "Mgongo haukuwa unaniuma," akasema. "Nilikuwa namnusa. Ukienda sokoni nafungua kidogo, nanusa, nafunga, isiishe." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na heri angefoka. "Wewe una picha yake ukutani. Mimi nilikuwa na hiyo."

Bi Sweta alitoka hadi nyuma ya jiko, kwenye kale katuta kalikokwisha kuota majani, na huko ndiko alikolia kilio alichokuwa amekifua mwezi mzima.

Ijumaa aliitafuta harufu. Msidhani natania. Alipiga magoti akanusa chini ya kitanda: sabuni. Nyuma ya mlango: sabuni. Mapazia, sabuni na jua. Aliunusa mkanda uliochemshwa, akanusa hata kitana cha chuma, na kitana, bila shaka, alikuwa amekisugua kwa brashi ya meno. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imepita kila mahali. Akakaa sakafuni akafuma, kwa kuwa hakujua kufanya jambo jingine, na vitanzi viwili alivikosea akaviacha vilivyo, mtu ambaye alikuwa akifumua sweta nzima kwa kitanzi kimoja.

Jumamosi asubuhi fundi viatu akabisha, boksi kwapani.

"Shikamoo, Mzee Simu! Shikamoo, Bi Sweta! Nimewaletea mpangaji. Kodi halipi, ila kelele anazo."

"Marahaba," Bi Sweta akaitikia.

"Mzee, benchi lako limeota vumbi. Wateja wananiuliza yule mshauri wangu asiyelipwa kaenda wapi. Hutaki kumshika binti yangu?"

"Mweke chini," mzee akasema.

Fundi akamtazama Bi Sweta, Bi Sweta akamtikisia kichwa amwache tu, na fundi akaaga na utani wake haujaisha mdomoni.

Mtoto wa mbwa akawekwa juu ya blanketi, miguuni pa mzee. Akalinusa, akazunguka mara mbili, akaanza kulia. Kitabu kilikuwa kimesema kweli: hapakuwa na chochote alichokijua. Alilia mpaka akachoka. Kisha akachuchumaa katikati ya blanketi lile la siku mbili, akakojoa, na kojo likaenea kwenye uzi wa Bosi, la moto, likanuka chumba kizima.

Bi Sweta alikuwa ameshainama. Beseni liko mkono mmoja na blanketi amelishika pembe, hata hajui ameinukaje kitini.

"Mama."

Akaganda.

"Usifue."

"Limeloa, mzee wangu. Linanuka."

"Nanusa." Mzee alikuwa amegeuzia uso mlangoni. Mkono wake haukushuka kumshika mnyama aliyekuwa akitetemeka karibu na kiatu chake. "Si kwa ajili yake. Simtaki, na wewe unajua simtaki. Ila nimechoka na sabuni."

Bi Sweta akaweka beseni chini. Akalitandaza blanketi tena pale pale, na unyevu wake, na vitanzi vyake viwili vilivyokosewa, akazinyoosha pembe zake. Mtoto wa mbwa akarudi juu yake, akalinusa upya. Safari hii alinusa kwa muda mrefu, kisha akajikunja, na kidevu chake kikaangukia kwenye kiatu cha mzee.

Mzee hakukisogeza kiatu.