Mama na Katikati ya Barabara

Barabara inayotoka Kasulu kwenda Kibondo ndiyo hiyo hiyo tunayoiita barabara kuu pale mjini, yenye maduka pande zote mbili. Kwetu ni mbele kidogo, maduka yakiisha na migomba ikianza. Siku hizi ni lami tupu. Mimi nimekua ikiwa udongo mwekundu, mabasi yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi waliojificha vichakani.

Enzi hizo mama alitufundisha sheria moja: tembea katikati. Pembeni ndiko mtu anakorukiwa. Tukienda kanisani tulijaa katikati ya njia kama ng'ombe, na gari likija, mara moja moja, tulilisikia tangu mlimani.

Lami ikaja, majambazi wakapotea, mama akabaki katikati. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Kila Jumapili nilimvuta mkono, naye akaniponyoka, malori yakitupigia honi.

"Mama, utagongwa."

"Na humo kichakani unajua kuna nani?"

Jumapili moja basi lilimpita karibu mno, upepo wake ukamvua kilemba. Alikiokota, akajifunga tena, na bado hakwenda pembeni. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi. Niliona kabisa kwamba nitamzika.

Nilipotulia ndipo nikaelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wenyewe ulikuwa bado upo, mrefu kumzidi, mpaka ukingoni mwa lami. Kesho yake nikachukua fyekeo. Majirani walinicheka, wakauliza kama serikali imeniajiri, halafu wakaleta ya kwao. Wiki nzima tulifyeka, tangu mlangoni kwetu hadi kanisani.

Jumapili iliyofuata mama alisimama akaangalia huku na huku kwa muda mrefu. Kisha akashika pembeni, taratibu, shingo ikigeuka kila hatua. Nilifurahi mpaka nikasahau miguu yangu. Nilikwenda sambamba naye nikimtazama yeye tu, wala sikuona kwamba nimeingia kwenye lami.

Honi ikalia. Mama akanidaka mkono, akanivutia pembeni kwa nguvu nisiyomdhania.

"Wewe nawe," akasema, uso mkavu. "Nani alikufundisha kutembea katikati?"