Niliipima Asali, Mtoto Sikumpima

Nianze na kosa lenyewe, maana nikizunguka nitaanza kujitetea. Nilimpa asali mtoto wa dada yangu akiwa na miezi mitano, kisha nikanyamaza.

Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu. Kazi sina, kwa hiyo nilikuwa naishi kwa dada kule Korogwe, na muda wa kuwaza ninao wa kutosha. Maji ya kumwogeshea mtoto nilikuwa nachemsha mara mbili. Chandarua nakikagua kila jioni. Dada akawa ananicheka, "Mjomba, wewe umesoma mpaka umepitiliza."

Mama mkwe wake akaja kutoka Kwaluguru na chupa ya asali. "Hii ya mzazi, atie kwenye uji," alisema. Hakusema ya mtoto. Sikulitilia maanani. Bibi mwenyewe hakumaliza darasa la nne.

Wiki hiyo mtoto alikuwa anakohoa. Dada alipokwenda sokoni, nikaitoa chupa. Ila asali siku hizi inachanganywa na sukari, kwa hiyo nikaipima kwanza. Tone nililodondosha kwenye glasi ya maji likazama zima. Njiti ya kiberiti niliyoichovya ikawaka vizuri. Nikaipasha moto kidogo, kuua vijidudu. Msomi kazini.

Kwa siku tatu nilimpa ncha ya kijiko. Kikohozi kikapungua, nikajipongeza kimoyomoyo.

Baada ya wiki moja mtoto akakosa choo. Kisha akawa hanyonyi kwa nguvu, kilio kikafifia, kope zikashuka, shingo ikalegea. Tukakimbilia hospitali.

Daktari akamuuliza dada, "Amekula nini zaidi ya maziwa yako?"

"Hakuna, daktari. Ananyonya tu."

Nilikuwa nimesimama palepale. Nikawaza: asali ni dawa, tena ilikuwa safi, nikisema nitawachanganya bure. Nikawaza na macho ya dada. Niliwaza mpaka kesho yake, mtoto ameshawekewa oksijeni na mpira wa kumlishia puani. Ndipo nikamfuata daktari.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ilikuwa asali halisi, daktari. Niliipima."

"Sijakataa kuwa ni halisi. Asali nzuri kabisa inaweza kuwa na mbegu za bakteria. Tumbo langu na lako linazimudu. La mtoto asiyefika mwaka bado changa, zinaota humo na kutoa sumu, misuli inalegea. Na moto wa jikoni hauziui."

Alilazwa wiki tano. Namshukuru Mungu, alipona.

Dada hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Nilivyokuwa namjibu daktari, ulikuwa unanisikia?"

Nikasema ndiyo. Tangu hapo hajaniachia mtoto, hata wa kumshika wakati yeye anafunga kanga. Nimerudi kwa wazazi, Misima.

Mnaolea, nisikilizeni. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, hata ya kulamba, hata iliyopikwa kwenye uji. Akishatimiza mwaka, mpeni. Na kama umeshakosea, daktari akiuliza, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilitumia siku nzima kutafuta namna nzuri ya kusema. Siku hiyo nzima mtoto alikuwa anahangaika kuvuta pumzi.