Mgongo wa Koplo

Cheo cha ukoplo alipewa na mtaa, bure. Jeshini aliondoka akiwa askari wa kawaida, tena aliondoka kwa kufukuzwa, na hilo neno "amefukuzwa" lilimtesa kuliko mgongo wenyewe. Kila alipopeleka madai ya fidia ya ulemavu, karani alifungua faili, akasoma sababu ya kuachishwa, akalifunga. Aliyefukuzwa kwa kukaidi amri hana malipo, wala hatibiwi hospitali ya jeshi. Basi, mzee, nenda kashone viatu.

Na viatu alishona kweli, kwenye kibaraza cha duka la simu, akiwa amepiga magoti. Wateja walidhani ni mtu wa sala sana. Kumbe maskini akikaa tu, kiuno kinawaka moto mpaka kwenye kidole gumba cha mguu.

Amri aliyoikaidi ilikuwa ya kubeba makasha ya risasi. Lori lilikuwa limepinduka naye jana yake. Akaambiwa beba, akasema sibebi. Kwa nini? Hakusema. Jamani, mtu mzima! "Nimeumia" lingemwokoa, naye akalimeza, kwa sababu walimfundisha kwamba askari akiulizwa hali, jibu ni moja.

Sasa bodi ya rufaa ilikubali kumsikiliza. Wakiridhika kwamba siku ile alikuwa majeruhi, wataandika "ameachishwa kwa maradhi", na mlango wa hospitali utafunguka. Mkewe, aliyechoka kumvalisha soksi kila asubuhi, alimsomesha njia nzima.

"Baba watoto, leo usiniangushe. Wakikuuliza, sema unaumwa."

"Nimesikia, mama. Mimi si mtoto."

Mwenyekiti alikuwa afisa mstaafu aliyevaa suti, lakini sauti yake ilikuwa haijastaafu. "Bado una maumivu?"

Koplo akaruka wima, visigino ta! kifua mbele. "Hapana, afande!"

Mkewe akashika kichwa. "Mungu wangu, huyu mtu ataniua! Mheshimiwa, ukimuuliza amesimama hivyo atakwambia hajambo hata akiwa maiti. Siku ile pia walimuuliza amesimama!"

Mwenyekiti akavua miwani. Naye alikuwa amewauliza vijana wengi namna hiyohiyo enzi zake. Akazunguka meza, akamshika Koplo mkono.

"Mguu pande," akasema polepole. "Keti, ndugu yangu. Hapa hakuna gwaride. Siku ile uliumia?"

Koplo akaketi, uso umemkunjamana. "Niliumia, afande. Naumwa mpaka leo. Sijalala usiku mzima tangu lori lile. Nimechoka."

Mkewe alikuwa amelitafuta neno hilo "naumwa" miaka yote. Alipolisikia akaangua kilio, maana hakujua kama ni kila usiku. Alikuwa akilala naye kitanda kimoja!

Ajali ya lori ilikuwamo kwenye faili siku zote; lililokosekana ni kauli ya mwenyewe. Mwenyekiti akasema sababu itabadilishwa. Ila madai yataanza upya, dirisha la kwanza, na miaka iliyopita hailipwi.

Koplo akainua mkono kupiga saluti.

"Hebu shusha huo mkono," mkewe akasema, akijifuta machozi. "Twende tukapange foleni."

Koplo akamwegemea begani mbele za watu, bila kujikaza, wakatoka taratibu.