Wimbo Niliotafsiri Kapkatet

Katika kibanda cha kutazamia mpira kwenye televisheni, Kapkatet, kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Shule niliachia darasa la nane. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na magazeti ya zamani, baada ya kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha ununuzi. Vijana waliniita Mwalimu. Kando yangu alikaa rafiki yangu wa miaka mingi, mtu wa upande wa ziwa, fundi wa boila katika kiwanda cha chai.

Jumapili moja timu ya taifa ya Israeli ilikuwa ugenini, Ulaya. Mashabiki waliinua mabango ya kupinga vita vya Gaza. Nilisoma moja moja: simamisheni vita, watoto wanakufa.

"Hapo wako sawa," rafiki yangu alisema.

Mimi pia niliona hivyo, na bado naona hivyo.

Kisha kikundi kimoja nyuma ya goli kikaanza wimbo ambao haukutaja vita wala serikali.

"Mwalimu, hao nao wanasema nini?"

Desturi yangu ilikuwa kutafsiri yote, bila kuongeza wala kupunguza. Niliijivunia. Nikasema: Mayahudi wachomwe, popote walipo. Nikaishia hapo.

Vijana wakacheka. Mmoja akapiga kiti cha plastiki kama ngoma, akauimba kwa Kiswahili changu, wenzake wakaitikia.

"Imba, mzee!" mwingine akamwambia rafiki yangu. "Ama wewe ni Myahudi?"

Aliniangalia mimi. Baada ya uchaguzi ule mbaya wa 2007, nyumba yake ilichomwa hapa hapa kwa kuwa hakuwa wa kabila letu, na waliochoma walikuja wakiimba. Yeye na watoto wake walijificha kwangu siku kumi na moja. Alijenga upya kwa sababu mimi nilimwambia mambo yale hayatarudi.

Niliyajua hayo yote, nikanyamaza. Akasimama, akatoka.

Kesho yake nilimfuata kiwandani.

"Wale ni vijana tu," nilisema. "Walikuwa wanacheka."

"Hata wale waliochoma kwangu walikuwa wanacheka." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Vijana siwalaumu, ndugu yangu. Nilingoja wewe useme kitu."

Kabla ya mwezi kwisha aliacha kazi, akahamia kwao ziwani. Nikimpigia simu hupokea. Huuliza kama mvua imenyesha, kama chai inachipua. Nikianza kuzungumzia Jumapili ile, hunyamaza, nami huendelea kuongea peke yangu, hadi nikate.