Kijiti Kilichoelea Juani

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka moyoni, ijapokuwa meno yangu sasa yananiaga mojamoja. Nilikuwa msichana, nikijifunza ufundi wa redio kwa mjomba wangu, Mzee Kazungu, hapa hapa Kisumu Ndogo, Malindi. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, na macho mekundu kwa moshi wa kulehemu.

Mjomba alikuwa amepata paneli ya sola iliyopasuka. Tukachagua vipande vilivyo vizima, tukavibandika pande nne za kijiti, tukakizungushia waya mwembamba wa shaba. Sumaku tulizitoa katika spika mbovu: nyingine tukakivisha kijiti, nyingine tukazipanga chini yake, zisukumane. Kazi hiyo ilitutesa, maana kijiti kiliruka huku na huku kama mbuzi asiyetaka kufungwa. Hatimaye kikatulia hewani, hakikugusa kitu ila ncha moja iliyoegemea kioo. Jua la dirishani likakipiga. Kikaanza kuzunguka, taratibu, kisha mbio, bila betri, bila sauti. Nilishika pumzi. Mjomba naye, mtu mzima yule, alivua kofia.

Kumbe jirani yetu, Mama Karisa, alikuwa akipita dirishani. Kufikia alasiri mtaa mzima ulinong'ona kwamba mzee anafuga pepo linaloelea. Nawe wajua, mwanangu, katika nchi yetu hii neno kama hilo likimwangukia mwenye mvi huweza kumtoa roho. Nikamsihi mjomba tuuvunje ule mtambo, tuuzike. Akanitazama kwa upole.

"Kadzo," akaniambia, "tukiuzika, tumekiri. Kitu cha jua kitoe juani."

Asubuhi akaubeba hadi penye bomba la maji, wanawake wakiwa kwenye foleni. Vijana wakaja na fimbo. Mjomba akawajulia hali kama wageni wake, kisha akamwomba Mama Karisa alizibe jua kwa leso yake. Akaziba, kijiti kikasita, kikasimama, kingali kinaelea. Akaondoa leso, kikazunguka tena. Halafu mjomba akampa kijana aliyetangulia wenzake sumaku mbili, akamwambia azikutanishe. Kijana akasukuma, zikakataa. Akaiweka fimbo chini apate kutumia mikono yote, akasukuma hadi mishipa ikamtoka, wala fimbo hakuiokota tena.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," mjomba alisema. "Na huyu mpwa wangu ndiye tuliyeunda naye. Muulizeni."

Wakaniuliza. Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nami nilivyozidi kustaajabu. Mama Karisa akasema, kwa sauti ndogo, "Kumbe jua lina mkono."

Mjomba aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, kitandani mwake. Mama Karisa ndiye aliyemfumba macho.

Basi, mwanangu, ukijaliwa kujua jambo, usilifungie ndani likageuka hofu. Waite watu waliguse. Ukikuta usilolielewa, uliza kabla hujaokota jiwe. Wala usidhani kuelewa huua ajabu: nazijua sumaku tangu ujana wangu, na hadi leo zikisukumana kiganjani mwangu, mwili hunisisimka. Mungu akupe macho ya kuona, ulimi wa kueleza, na majirani watakaofurahia mvi zako.