Kiti cha Mbele kwenye Gari la Foumbouni

Nilitoka Tabora kwa treni, na cheti cha kidato cha nne na jina la shangazi ambaye nyumbani hakuna aliyekuwa na hakika kama bado yu hai. Dar es Salaam nilikaa nikisubiri meli ya mizigo mpaka walinzi wa bandari wakanizoea. Meli ilinishusha Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa kuwa Moroni, kule Ngazija nilikokuwa nikienda, hapakuwa na kina cha kuipokea. Nikavuka tena kwa boti ndogo iliyobeba saruji na mbuzi, natapika njia nzima. Nilipofika Moroni, shangazi alikuwa ameshafariki. Nyumba ilikuwa ya binti yake, maana kule nyumba ni mali ya wanawake, na mume wa binti hakupenda kuniona nikiongeza kinywa kwenye sinia.

Nikawa nashinda stesheni. Niliiita stesheni kwa mazoea ya Tabora, na watu walinicheka. "Reli ipite wapi, juu ya volkano?" Kilikuwa kiwanja cha magari katikati ya mji, kimezungukwa na ukuta wa mawe meusi. Waliokumbuka walisema zamani hapo palianikwa vanila, kisha Wafaransa wakaweka lori moja la kupeleka barua vijijini, na watu wakajifunza kulidandia. Tangu hapo kila kijiji kilichopata gari kilileta jiwe lake, kikalipaka chokaa kichwani na kuliweka mahali gari lake litakaposimama. Gari la Mvouni halikuthubutu kusimama kwenye jiwe la Foumbouni. Upande wa chini walikaa watu waliorudishwa kutoka Bukini, kile kisiwa kikubwa cha jirani, baada ya Wangazija kuuawa kule, na vibanda vyao vya mabati. Kimoja kilikuwa cha mama mmoja muuza chai aliyewatukana madereva kwa lugha tatu.

Aliyepanga zamu za magari ndiye aliyenipa kazi ya kuita abiria. Alikuwa amepita miaka hamsini, mchekeshaji, na Kiswahili alikijua kwa kuwa ujana wake aliumalizia Unguja. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita kaka. Lakini pale mjini hakuhesabiwa mtu mzima. Ngazija mvi hazimfanyi mtu kuwa mtu mzima. Sharti afanye arusi kubwa, alishe mji, ndipo avae joho, aketi na wenzake barazani na kupewa kiti cha mbele garini. Kaka alioa kwa arusi ndogo tu, hiyo kubwa hakuwahi kuimudu. Vijana wa nusu ya umri wake waliokwisha kuifanya walimtuma maji.

"Mimi mtoto mwenye mvi," alikuwa akisema. "Nikifa mtanizika na midoli."

Wakati huo mamluki wa Kizungu walikuwa wameshaipindua serikali moja na kuiweka nyingine, na ndio walioongoza askari wa ikulu. Tulijifunza kushusha sauti gari lao likipita. Asubuhi moja afisa wao aliingiza jipu kiwanjani, akaliegesha kwenye jiwe la Mvouni, akashuka kununua sigara. Kaka akamfuata na kumwambia kwa Kifaransa kwamba hapa pana zamu.

"Mvouni kwanza, kisha wewe. Kwani unakwenda kijiji gani?"

"Mpakieni juu na ndizi!" mama wa chai akapiga kelele.

Kiwanja kizima kilicheka. Afisa naye alitabasamu, akaondoa jipu. Jioni askari walikwenda kwa kaka kumtafuta, wakampiga shemeji yake, ndugu wa mkewe, aliyewafungulia mlango.

Kaka alikuwa amejificha kwa dada yake. Watu waliochukuliwa namna hiyo hatukuwa tukiwaona tena upesi, na wengine hatukuwaona kabisa. Ilibidi afike Foumbouni, kusini, kwa wajomba zake. Huko wavuvi wangemvusha hadi kisiwa cha Mwali. Njia ilikuwa na vizuizi, na abiria wa nyuma walishushwa mmoja mmoja na kumulikwa usoni. Mzee mwenye joho aliyekaa mbele hakushushwa. Hata askari walimwamkia.

Dada yake akatoa joho la marehemu mumewe, kilemba na bakora. Alilia akimvika, si kwa hofu tu. Kuvaa joho hujalifanyia arusi ni aibu ambayo ukoo huilipia.

"Usiseme, usigeuke," nilimwambia. "Wewe kaa tu."

"Kukaa ndiko nisikokujua, mdogo wangu."

Alifika stesheni mchana wakati wa msongamano wa abiria, akapita katikati yetu pole pole, na wallahi nilimwona mkubwa. Akakaa mbele. Askari wawili walisimama langoni, Mzungu mmoja na Mngazija mmoja. Mzungu alimtazama, akapitisha macho. Dereva akawasha gari.

Hapo akaja mzee wa Foumbouni, mtu mzima wa kweli, akikimbilia gari. Akafungua mlango wa mbele, akamwona kaka, na naamini alimtambua, kwa sababu alisita kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Kaa, kaa, bwana. Nafasi ipo. Sogea tu."

Mwenye joho angesogea. Kaka aliinuka. Alishuka, akainamisha kichwa, akashika mlango kwa mikono miwili mpaka mzee akakaa, kisha akaenda nyuma kupanda na wanawake na vikapu. Yote hayo aliyafanya haraka, kama mtu anayejikuna.

Yule Mzungu hakuona kitu. Mngazija ndiye aliyecheka. "Joho gani hilo linalopisha?" akasema, akatembea mpaka nyuma ya gari na kumvua kilemba.

Walimchukua kwa miguu. Mama wa chai aliwafuata akitukana mpaka nje ya lango, kisha akarudi akanisukuma kifuani. "Wewe walikuona naye. Toka mjini leo."

Nilirudi Mutsamudu, nikabeba magunia bandarini nikingoja meli yoyote, wala sikumwuliza mtu habari kwa kuogopa kujibiwa. Siku meli ya Mombasa ilipokuwa ikimaliza kupakia karafuu, mama wa chai alishuka kutoka boti ya Moroni, amekuja kununua vitambaa. Aliniona kabla sijamwona.

"Wamemrudisha," alisema. "Mkono mmoja haufanyi kazi. Anakaa kwa dada yake, hatoki."

"Amesema nini?"

"Kasema nikikuona nikwambie alijaribu kubaki amekaa, miguu ikakataa." Akajifuta uso kwa ncha ya shiromani, ile nguo aliyojitanda. "Na mzee wa Foumbouni amekwenda kumwona. Amekwenda na joho lake mwenyewe, amemfunika nalo magotini. Mji mzima unagombana kwa ajili hiyo."

Nilimwuliza kama nirudi. Akaniambia nisiwe mjinga, akaninunulia mkate, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi ya meli.